Betri moja, tiki mbili

Wiki kama tatu hivi nimekuwa mtu wa ajabu. Nikipanda boti pale Kibirizi naanza kuhesabu maboya badala ya kutafuta pa kukaa, nikiingia dukani naangalia mlango wa pili uko wapi, na jumapili iliyopita nilienda kumsalimia shangazi Ujiji nikajikuta namuuliza mbona mtungi wa gesi unakaa mlangoni, moto ukishika hapo utatokea wapi. Akaweka mwiko chini akaniambia "mwanangu, umekuja kula migebuka au umetumwa na serikali?" Sikutumwa na mtu. Ni kazini tu, nimeingizwa kwenye timu ya kupima kama hospitali yetu iko tayari likitokea janga, na hii kazi ikishakuingia kichwani haitoki.

Hospitali siitaji. Iko mkoa huu wa Kigoma, ina vitanda kama 120, mi ni muuguzi na nina watoto wanasoma, inatosha.

Ilivyoanza ni kwamba matroni aliniita ofisini akanipa makaratasi mengi yamebanwa na pini, akasema "mdogo wangu, we unajua kompyuta, we na fundi na dokta mmoja mtajaza hii, mna siku mbili." Nikajua ni zile fomu zetu za kila robo mwaka, unakaa na soda unatiki mpaka mwisho. Kumbe hii ina historia yake. Ni kipimo cha usalama wa hospitali, toleo la kwanza lilitoka 2008 kwa shirika la afya la nchi za bara la Amerika, halafu 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa toleo la pili lenye vipengele 151. Kila kipengele unakipa chini, wastani au juu, mwisho inatoka namba kati ya sifuri na moja, ukipata 0.35 kushuka uko kundi C, maana yake hapo mlipo wagonjwa na watumishi hawako salama na hatua inatakiwa haraka, ukivuka 0.65 uko kundi A, maana yake janga likija kuna uwezekano mkubwa hospitali itaendelea kufanya kazi.

Hilo neno "itaendelea" ndo roho ya kitu chote. Watu wengi (na mi nilikuwa mmoja wao) tukisikia utayari wa hospitali tunafikiria hospitali inapokea majeruhi wa mahali pengine. Hatufikirii kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa majeruhi. Mexico City tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko liliangusha hospitali ya Juárez, jengo la ghorofa nyingi, likafukia mamia ya watu, wagonjwa pamoja na madokta wao, na kwenye vifusi vya hospitali za jiji lile walikuja kutolewa vichanga wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo usishangae kwamba kwenye toleo la kwanza jengo peke yake lilibeba asilimia 50 ya uzito wote, mitambo na vifaa 30, halafu sisi watu na mipango yetu tukaambulia 20. Niliposoma hapo nilinung'unika kidogo. Kwa huku kwetu mi ningegeuza.

Ila kabla ya kutiki chochote kuna sehemu ya kwanza haina maksi, inauliza tu, hapo mlipo mnaogopa nini. Dokta akasema haraka haraka "ajali za barabarani" akataka tugeuze ukurasa. Fundi akamwambia subiri dokta, tuko Kigoma hapa, mwisho wa reli, tuhesabu vizuri.

Tukahesabu. Tetemeko lipo, maana tumekaa juu ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ziwa lenyewe ndo ufa. Mi tarehe 5 Desemba 2005 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, jumatatu alasiri saa tisa na kitu, tunafagia darasa, mara madawati yanatembea yenyewe, na mpaka leo nakumbuka mwalimu wa zamu alitoka wa kwanza sisi tukamfuata. Baadae ndo tukasikia lilikuwa la 6.8 na chanzo kilikuwa humo humo ziwani. Treni ipo, Juni 2022 treni iliyotoka huku kwenda Dar ilipata ajali Malolo pale Tabora, watu wanne wakafariki na majeruhi wakapita mia moja kwa mpigo mmoja, na ile ajali kama ingetokea upande huu wa reli sijui tungewalaza wapi. Boti zipo na upepo wa ziwa tunaujua. Ziwa lenyewe kupanda lipo. Halafu magonjwa.

Hapo kwenye magonjwa nilinyamaza kidogo kwa sababu 2015 nilikuwepo. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, Mei mwaka ule wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wameingia kwa makumi elfu pale Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi mpakani, nyuma mlima mbele ziwa, barabara hamna, na kutoka pale mpaka Kigoma mjini ni maji tu. MV Liemba ikawa inakwenda inakuja, meli ya kabla hata bibi yangu hajazaliwa, inasimama mbali na ufukwe watu wanapelekwa na viboti, wakifika mjini wanashushiwa uwanja wa Lake Tanganyika kusubiri mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Na kipindupindu kikawa kimepanda nao meli. Wagonjwa walifika elfu tatu na ushee, waliofariki wakavuka thelathini.

Kazi yangu mi ilikuwa kuchanganya chumvichumvi ya kunywa na kushika mikono ya watu mishipa itafutwe. Kitu ambacho shuleni hawakukifundisha ni hesabu. Mtu mzima wa kilo 50 akija amekauka kabisa, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi, anahitaji lita 5 za Ringer, maji ya dripu, ndani ya masaa matatu, lita moja na nusu kwenye nusu saa ya kwanza. Sasa chukua watu 20 wa namna hiyo wamefika pamoja, ni lita 100, ni chupa 200 za nusu lita, kabla ya chakula cha mchana, na hao ni wale wa asubuhi tu. Stoo ya kawaida ukifungua ukakuta maboksi ya Ringer yamepangwa mpaka dirishani unasema tuko vizuri. Hauko vizuri. Uko vizuri mpaka saa sita.

Basi tukaanza kuzunguka na fomu.

Swali la jenereta. Ipo? Ipo. Dizeli ipo? Ipo, nusu tanki. Inajaribiwa angalau mara moja kwa mwezi? Fundi akasema ndiyo. Nikawa nimeshashika kalamu, ila huyu dokta wetu ni kijana mpya, bado ana ule ubishi wa chuo, akasema basi iwashe tuone. Fundi akacheka kidogo. Akasema subiri. Akatoka, tukadhani ameenda kuleta ufunguo, tunamwona anavuka uwanja kwenda kwenye gari la wagonjwa, anafungua boneti, anachomoa betri, anarudi nayo ameibeba kifuani kama mtoto, anaifunga kwenye jenereta, likanguruma mara ya kwanza tu. Safi kabisa. Umeme thieta ya upasuaji, umeme wodi ya wazazi.

Tukabaki tunaangaliana.

Betri ya jenereta ilikufa, sijui mwezi wa ngapi, akaandika barua, barua ikapanda juu ikashuka, ikaambiwa isubiri bajeti, na yeye kama fundi mwema akatafuta njia. Na njia inafanya kazi, usimlaumu, umeme wa Tanesco ukikatika ndani ya dakika kumi anawasha halafu anarudisha betri kwenye gari. Sasa kwenye fomu jenereta ipo na inafanya kazi, tiki. Kurasa mbili mbele gari la wagonjwa lipo na linafanya kazi, tiki. Zote ni za kweli, ukinipeleka mahakamani nitaapa ni za kweli. Ila ni betri moja. Boti ikipinduka usiku wa giza umeme umekatika, tuna jenereta au tuna gari, hatuna vyote.

Toka pale nikaanza kuisoma ile fomu kwa jicho lingine. Nilichokuwa natafuta siyo tena kitu kipo au hakipo, natafuta kitu kimehesabiwa mara ngapi. Na nikwambie, ukianza kutafuta hivyo unaogopa.

Mtaalamu wa usingizi. Tunaye mmoja. Yupo kwenye orodha ya timu ya upasuaji wa dharura, yupo kwenye orodha ya wagonjwa mahututi, yupo kwenye orodha ya kusindikiza wagonjwa wa rufaa, na rufaa kubwa kwa huku maana yake Bugando, Mwanza, hiyo ni siku barabarani. Akimsindikiza mgonjwa mmoja Mwanza hatuna thieta mpaka kesho kutwa. Mtu mmoja, tiki tatu. Fundi mwenyewe, huyu wa betri, ndo wa jenereta, ndo wa maji, ndo mwenye spana ya mitungi ya oksijeni, na dereva akiwa likizo ndo anaendesha gari. Nikamuuliza kaka, siku ya siku utaanza na lipi, akasema "nitaanza na lile litakalopiga kelele zaidi."

Dawa za dharura kuna kontena, lile la bati la bluu nyuma ya maabara, limeandikwa DHARURA kwa rangi nyekundu kubwa kabisa. Tukaenda kulikagua, kufuli. Ufunguo? Yuko nao bwana stoo. Bwana stoo? Ameenda msibani Kasulu, anarudi alhamisi. Hiyo ilikuwa jumanne. Mzee wa getini ndo alitusaidia, alisimama pembeni muda wote anatuangalia na kikombe chake cha chai, akasema "wanangu hilo kufuli linafunguka ukilipiga hapa ubavuni na jiwe, sisi walinzi tunajua." Akapiga, likafunguka. Kwa hiyo sikujua niandike nini, ufunguo haupo ila kontena linafunguka, na kama linafunguka kwa jiwe je lina usalama?

Ndani kulikuwa na joto la kuoka mkate. Glovu zimegandana zimekuwa kama sahani moja. Plasta gundi imetoka pembeni imeshika boksi. Zile kadi za rangi za kuwavalisha majeruhi, nyekundu njano kijani nyeusi, zilikuwepo, mpya, kwenye nailoni yake, za msaada wa zamani, hazijawahi kuguswa, kamba zake panya wamekula. Tukazihesabu zikapita mia mbili, na watumishi wanaojua kuzitumia nilipouliza kesho yake kwenye kikao cha asubuhi walinyoosha mikono wanne.

Na siyo ngumu, hilo ndo linaniuma. Anayetembea mwenyewe ni kijani, mwambie akakae kule chini ya mwembe. Asiyepumua, fungua njia ya hewa, bado hapumui, nyeusi, endelea mbele hata kama roho inauma. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, nyekundu. Bonyeza kucha, damu ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, nyekundu. Mwambie nibane kidole, hawezi kufuata, nyekundu. Waliobaki njano. Hiyo ni kwa watu wazima, watoto wana utaratibu wao. Mama mmoja mhudumu wa usafi nilimfundisha kwenye korido kwa dakika kumi akaelewa, akaniuliza kitu ambacho mpaka leo sijakijibu vizuri, "sista, na kama yule wa nyeusi ni jirani yangu?"

Maji sasa. Hapa niliingia kwenye ugomvi na fomu yenyewe. Inataka akiba ya lita 300 kwa kila kitanda kwa siku, masaa 72. Vitanda 120, piga hesabu, ni lita 108,000. Sisi tuna simtanki nne za lita 5,000, jumla 20,000, kwa kipimo hicho haifiki hata masaa 14. Chini, kabisa. Ila Shirika hilohilo la Afya Duniani kwenye mwongozo wake mwingine wa maji linasema mgonjwa wa kulazwa lita 40 mpaka 60 kwa siku, na ukipiga kwa 60 tank zetu zinakaribia siku tatu. Hospitali gani inatumia 300? Ile inayofua mashuka kwa mashine na kila chumba kina bafu. Kwetu nguo za mgonjwa anafua ndugu yake, na maji ya kuoga mara nyingine anakuja nayo kwenye dumu. Kwa hiyo nikataka nitiki wastani. Fundi akanikohoa. Akaniambia simtanki mbili kati ya hizo nne koki zimekufa, zinajaa ila hazitoi. Nikarudi kwenye chini bila ubishi.

Oksijeni nayo ina hesabu zake. Mtungi mkubwa una lita kama 6,800. Mgonjwa mmoja kwenye lita 5 kwa dakika anamaliza 300 kwa saa, mtungi unamtosha masaa 22, raha mustarehe. Wagonjwa kumi kwa kasi hiyo, mtungi mmoja haumalizi masaa mawili na nusu. Tulipitia uviko wote tunajua hii, lakini wodini bado kila mtu anahesabu mitungi, hamna anayehesabu masaa. Na mitungi imesimama tu ukutani bila mnyororo, tetemeko kama lile la 2005 likirudi itaangukiana mmoja baada ya mwingine, na mtungi uliovunjika shingo unaruka kama roketi, hii siyo hadithi, ndo maana fomu ina kipengele chake.

Kuhusu mazoezi niseme ukweli, tuliwahi kufanya zoezi moja, kabla ya hii fomu. Lilitangazwa wiki mbili kabla. Siku yenyewe watu wamevaa makoti yamepigwa pasi, geti liko wazi toka asubuhi, mtaalamu wa usingizi amekaa thieta anasubiri, bwana stoo yupo na ufunguo mkononi. Majeruhi walikuwa wanafunzi wamepakwa tomato, mmoja wa nyekundu alikuwa anajipiga picha, mwingine akamwambia nesi "sista naomba soda, nimekaa juani sana." Tukapiga makofi tukala biskuti. Ripoti ikaandikwa zoezi limefanikiwa. Nilikuwepo, nilikula biskuti.

Lile la pili ndo lilituvua nguo. Huyu dokta kijana siku ya jumamosi saa mbili usiku alikuja zamu yangu akasema sista hebu tupige namba zote kwenye karatasi ya mawasiliano ya dharura, ile iliyobandikwa ukutani kwenye chumba cha mapokezi, tuone nani anapokea. Bila kutangaza. Namba 26. Nikaweka vocha ya kwangu. Kumi na moja hazipatikani. Nyingine zinaita mpaka zinakata. Waliopokea walikuwa tisa, wawili kati yao wako nje ya mkoa, mmoja yuko harusini muziki unagonga ananiambia "nakuja, nakuja" nikamwambia hapana kaka ni jaribio tu akanitukana kidogo kwa upendo. Namba ya ishirini na kitu ikapokelewa na mama mtu mzima, sauti ya chini. Nikasema shikamoo mama, namuomba bwana fulani wa maabara. Akanyamaza. Akasema "marahaba mwanangu. Mwenye simu alishatangulia, mwaka wa nne huu. Mi mkewe. Kuna nini hospitali?" Nikamuomba radhi. Akasema hamna shida, akauliza tena kama kuna ajali, maana mume wake alikuwa akipigiwa usiku lazima iwe ajali, alikuwa anatoka hata bila viatu vya maana. Tulivyokata simu dokta alienda ukutani akachukua kalamu akafuta jina, halafu akasimama pale muda mrefu.

Karatasi ile ilikuwa imewekewa tiki kwenye kila ukaguzi toka ibandikwe. Mpango wa mawasiliano upo? Upo.

Jambo la mwisho tulilogundua tuligundua kwa bahati mbaya. Dokta ana rafiki yake hospitali nyingine, nayo siitaji, wakabadilishana mipango ya maafa. Kwetu imeandikwa wagonjwa wakizidi uwezo tutawapeleka kwao. Kwao imeandikwa wagonjwa wakizidi watawaleta kwetu. Wala hakuna aliyemuuliza mwenzake. Na vibaya zaidi, madokta wawili wa upasuaji walioandikwa kwenye mpango wao ni haohao wa kwetu, asubuhi wako huku jioni wako kule. Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, kamati zipo kuanzia taifa, mkoa, wilaya, mpaka kijijini, na kazi kama hii ya kukalisha hospitali mbili meza moja ndo yake hasa, ila kamati haiwezi kujua kama sisi tunaojaza tunajaza kila mtu na karatasi yake.

Fomu tuliijaza. Tulipata kundi B, chini chini ya B, na mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, alifurahi kwamba siyo C. Ila dokta akasema tumpelekee na karatasi nyingine ya kwetu wenyewe, ukurasa mmoja tu, tukachora mistari, kushoto vitu, kulia sehemu zote ambazo kitu hicho kimehesabiwa. Betri, mara mbili. Mtaalamu wa usingizi, mara tatu. Fundi, mara nne. Spana, moja kwa mitungi yote. Ufunguo, mmoja, uko Kasulu. Mfawidhi aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena, akaita mhasibu. Betri mpya ilinunuliwa ndani ya wiki, sijui hela ilitoka fungu gani na sijauliza. Funguo za kontena zikachongwa tatu, moja ikaning'inizwa mapokezi kwenye kiboksi cha kioo. Vitu vilivyooza tukavitoa, tukaweka vipya, na tochi kubwa nne, kwa sababu tuligundua jenereta halilishi taa za nje na ukiwapanga majeruhi chini ya mwembe usiku huoni hata rangi ya kadi.

Haikuchukua muda. Jumamosi ya juzi, saa tatu usiku, Noah imepinduka barabara ya Kasulu, majeruhi 11, na Tanesco nao wakachagua saa hiyohiyo. Jenereta likawaka na betri yake. Gari likatoka na betri yake. Nilivunja kile kiboksi cha kioo kwa kiatu, ufunguo huu hapa, kontena likafunguka bila jiwe, kadi ninazo, kamba mpya. Nikachukua tochi nikabonyeza. Kimya. Ya pili kimya. Zote nne. Nikazifungua nyuma, hamna betri hata moja.

Nikageuka kupiga kelele, nakuta mzee wa getini ameshafika nyuma yangu anakimbia kidogo kidogo, kakumbatia redio yake, anaifungua mgongo huku anatembea. "Usigombe mwanangu," akasema, "mpira ulikuwa mkali. Ziko humu, nane, zote nzima."